Njiwa wanapoanguka uani, tusikimbilie kumtafuta mlozi



Mwishoni mwa kiangazi kilichopita, hapa Pweto, tuliitwa usiku kwenda katika avenyu moja isiyo mbali na ziwa. Tulikuta watu wamejaa mbele ya parseli ya mama mjane, mshiriki wa kanisa letu, ambaye watoto wote wa mtaa wanamwita Kambo. Baba mmoja alikuwa na mfuko wenye kuku wanne waliokufa. Kijana mmoja alishika njiwa wa porini, angali hai, manyoya yamevimba, mdomo wazi, mate yakimtoka. Mashtaka yalikuwa mafupi. Kambo hulisha ndege kila asubuhi. Ndege wanatoka kwake, wanaingia kwetu, na kuku wetu wanakufa. Basi ni yeye anayewatuma.

Ninyi mlioko Kalemie, Bukavu, Bunia au Lubumbashi mnajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Wamama wazee wamefukuzwa katika nyumba zao kwa sababu ndogo kuliko kuku wanne. Usiku ule tuliomba, tukazungumza na shefu wa mtaa, na wazee wawili wa kanisa wakalala mlangoni kwa Kambo mpaka asubuhi. Lakini tukiri: hatukuwa na jibu. Katika shule ya theolojia tulijifunza Kigiriki na historia ya Kanisa. Hakuna aliyetufundisha kwa nini njiwa anakufa. Tulijua kusema kwamba huu si ulozi. Hatukujua kusema ni nini. Katika wiki zilizofuata tulijifunza, na mengine tuliyojifunza yalituaibisha. Tunawaandikia yote.

Kila parseli ni meza ya ndege

Tabia ya Kambo ilikuwa hii. Asubuhi hukwangua bukari iliyoganda chini ya sufuria, akaichanganya na pumba za mahindi, akaitupa juu ya jiwe bapa chini ya mwembe. Kando ya jiwe kuna beseni la zamani lenye maji. Njiwa wanakuja, shomoro wanakuja, wale ndege wadogo wa manjano wanaofuma viota wanakuja, na kuku wa majirani nao wanapenya chini ya ua kuja kula. Alituambia alianza hivyo aliporudi kutoka ukimbizini Zambia. Mnakumbuka vita vya mwaka 2017 vilivyowavusha watu wengi wa kwetu kwenda upande wa Nchelenge. Aliporudi alikuta nyumba kimya, na ndege walikuwa wageni wake wa kwanza.

Huko Uingereza na Marekani watu hununua vimeza maalum vya ndege na kuvitundika bustanini. Sisi hatuna vimeza hivyo, lakini tuna kinu ambapo mahindi yanamwagika, mkeka wa mihogo unaokauka juani, na mahali tunapowarushia kuku chakula chao chini. Ndege wa porini hawaulizi punje ni za nani. Kwa hiyo kila parseli ya Pweto ni meza ya ndege, mwenye parseli apende asipende. Na palipo na meza moja, walaji wengi, na hakuna anayeosha, ugonjwa unapita. Wamama wanalijua hilo kwa habari ya watoto wao. Kwa ndege ni vilevile.

Njiwa alikuwa na nini

Asubuhi alikuja veterineri. Alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akamshika yule njiwa, akamfungua mdomo na kutuita tuangalie. Ndani ya koo kulikuwa na kitu cha njano, kigumu kidogo, kama usaha uliokauka. Chakula hakiwezi kupita hapo. Njiwa anakufa kwa njaa huku punje ziko mdomoni mwake, na kwa sababu anahisi kiu anajikokota mpaka kwenye maji na kubaki hapo. Ndiyo maana watu walikuwa wanawakuta wamekufa karibu na beseni la Kambo, na kuona kama maji yale yamewekewa kitu.

Kweli maji yalikuwa na kitu. Ugonjwa huo unaletwa na kijidudu kinachoitwa trikomonasi, kidogo sana kuonekana kwa macho, kinachoishi katika koo la njiwa. Njiwa wengi wanakibeba bila kuugua. Wanawapa hata makinda wao, kwa maana njiwa hulisha makinda kwa kitu kama maziwa kinachotoka kooni mwake. Anayezidiwa hutema punje iliyolowa mate, mwingine akaiokota. Au hunywa majini na kuacha mate yake humo, na wenzake wakaja nyuma yake. Mwewe akimkamata njiwa mgonjwa anaweza kuugua pia. Watu wa zamani waliofuga mwewe kwa kuwinda waliujua ugonjwa huu karne nyingi kabla ya kijidudu chenyewe kujulikana. Udhaifu wake ni mmoja: hakivumilii ukavu. Jiwe likikauka vizuri juani, kinakufa. Katika beseni lenye maji ya siku nyingi, kinapona na kungoja.

Beseni la Kambo lilikuwa na utelezi wa kijani na kinyesi chini. Kila siku aliongeza maji. Hakuwahi kuyamwaga ya zamani. Alituambia kwa uchungu, "Mchungaji, niliona ni vibaya kumwaga maji, kisima kiko mbali." Hapo hapakuwa na ulozi wowote, ila mama mzee asiyetaka kupoteza maji.

Si sisi peke yetu tuliopata hayo. Mwaka 2005 ugonjwa huohuo ulianza kuua ndege wadogo wa bustanini nchini Uingereza, hasa aina moja ya rangi ya kijani inayopenda mbegu. Katika miaka iliyofuata zaidi ya nusu ya ndege wa aina hiyo walipotea nchini humo, na ugonjwa ukavuka bahari mpaka kaskazini ya Ulaya. Watu waliowapenda ndege, wenye maji ya bomba na pesa za kununua mbegu, walikuwa wanawaua kwa kuwakusanya mahali pamoja. Tulipolisoma hilo tulimhurumia Kambo zaidi.

Kuku walikuwa na jambo lingine

Hapa ndipo sisi sote tulipokosea, walioshtaki na waliotetea. Tulidhani ni ugonjwa mmoja. Veterineri aliangalia wale kuku wanne, akauliza walivyokufa, na akasema kwamba njiwa na kuku hawakufa kwa kitu kimoja.

Kuku walikuwa wamesinzia, mabawa chini, kinyesi cha kijani chenye maji, wakipumua kwa shida. Wawili walikuwa wamepinda shingo na kuzunguka mahali pamoja kabla ya kufa. Na walikufa kwa kasi: parseli iliyokuwa na kuku 12 siku ya Jumatatu ilibaki na wawili siku ya Ijumaa. Dalili hizo zikija pamoja, na kwa kasi hiyo, mtu wa mifugo anafikiria kwanza ugonjwa wa Newcastle. Watanzania wanauita kideri au mdondo. Hapa kwetu watu husema tu kwamba ugonjwa wa kuku umefika. Jina la Newcastle ni la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1927, baada ya kuonekana Java huko Asia mwaka mmoja kabla. Unaletwa na kirusi. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua kuku 9 katika 10, au wote. Dawa ya kuuponya haipo. Wengi wetu tunafungua kapsuli za tetrasiklini na kuwanywesha kuku. Hizo zinapigana na bakteria, kirusi hazikigusi, na pesa imepotea.

Je, ndege wa porini hawawezi kuleta Newcastle? Wanaweza. Kirusi hicho kimekutwa katika aina zaidi ya 200 za ndege, na njiwa wana namna yao ya kirusi hichohicho. Hatutaki kuwaosha ndege kuliko ukweli. Lakini katika vijiji njia kubwa ya Newcastle ni kuku mwenyewe anaposafirishwa, amefungwa miguu kwenye baiskeli, amewekwa ndani ya mtumbwi, au yuko kikapuni sokoni na wenzake wa vijiji kumi. Kirusi kinatoka katika kinyesi chake na katika mate na kamasi yake, kinashika viatu, kikapu, mikono ya mnunuzi. Na tangu kuku aambukizwe mpaka dalili zionekane kunapita siku kama 5 au 6, wakati mwingine 2 tu, wakati mwingine hata 15. Siku hizo anaonekana mzima. Anauzwa.

Ndipo veterineri akauliza swali lake: "Kuku wageni waliingia lini katika mtaa huu?"

Tulinyamaza. Wazee wa kanisa waliangaliana. Wote tulijua jibu.

Jumapili ya mavuno

Wiki mbili kabla tulikuwa na sikukuu ya mavuno. Washiriki walikuja kutoka vijiji vya kando ya ziwa na vya barabarani na mahindi, mihogo, mbuzi, na kuku zaidi ya 30. Kuku hao walilala usiku mbili katika jiko la nyumba ya mchungaji, wote chumba kimoja, sahani moja, beseni moja. Jumamosi jioni shemasi mmoja alituambia kuna jogoo anayesinzia. Tulisema amechoka na safari. Jumapili baada ya ibada tulipiga mnada kama kawaida, na yule jogoo tuliamua auzwe wa kwanza, kabla hajapoteza uzito.

Kuku wale walitawanyika katika avenyu nyingi za Pweto, wakishangiliwa. Siku ya sita, mama mmoja mwimbaji wa kwaya alipoteza kuku wake wa kwanza. Tulipotembea nyumba kwa nyumba na kuuliza tarehe, mambo yalipangika yenyewe: nyumba ya mnunuzi kwanza, majirani wake baadaye, na jirani za Kambo mwisho kabisa. Kambo mwenyewe hakununua kuku mnadani. Hana kuku. Meza iliyoeneza ugonjwa ilikuwa ya kanisa.

Jumapili iliyofuata tulisema hayo mimbarini, pamoja na habari ya yule jogoo. Haikuwa rahisi. Wengine walikasirika kwamba tumelitia kanisa aibu mbele ya watu wa nje. Mama mmoja alitungoja mlangoni akasema, "Mchungaji, kuku wangu kumi walikuwa minervali ya mtoto." Hakutukana, alisema hivyo tu. Anayejua maisha ya hapa anaelewa: familia ikirudi kutoka ukimbizini kitu cha kwanza inachonunua ni tembe mmoja, na kutoka huyo zinakuja sare, daftari, dawa za malaria. Kanisa lilitoa matoleo ya Jumapili moja kwa familia tatu zilizopoteza zaidi. Hayakutosha.

Ugonjwa unaotoka kwetu kwenda kwao

Tumezoea kufikiri kwamba ugonjwa unatoka porini unaingia nyumbani. Mara nyingine unakwenda upande wa pili. Katika baridi ya mwaka 1993 kuingia 1994, karibu na mji wa Washington huko Marekani, watu waliona ndege wadogo wekundu wakija kwenye vimeza vyao na macho yamevimba, wengine vipofu kabisa. Bakteria iliyokutwa ilikuwa ile inayojulikana kwa kuku na batamzinga, inayowasumbua kifua. Kutoka hapo ikatembea kwa ndege wa porini nusu nzima ya mashariki ya nchi hiyo ndani ya miaka michache. Ndege hawakuifuata, mifugo ya watu ndiyo iliyokuwa nayo.

Tulipowaeleza vijana wa kanisa jambo hili, mmoja aliuliza kama basi njiwa walikuwa na haki ya kutushtaki sisi. Tulicheka wote, lakini swali si baya.

Ndege wa ziwani wakifa wengi

Kuna ugonjwa mmoja ambao hatutaki mtu yeyote auchukulie kama mambo ya njiwa na beseni. Ni mafua makali ya ndege. Ndugu zetu wa Ituri wanaukumbuka. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2017, kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, katika ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, watu waliona ndege wengi wamekufa, hasa wale weupe wadogo wa jamii ya membe wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Ilikuwa mafua ya aina ya H5N8. Kuku na bata wa wilaya ya Masaka walikutwa nayo pia, na nchi jirani zikafunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Miezi michache baadaye bata na kuku walianza kufa katika vijiji vya Ituri vya kando ya Ziwa Albert, na nchi yetu ikatangaza kwamba ni H5N8 hiyohiyo.

Ziwa letu la Mweru nalo linapokea ndege wa mbali kila mwaka. Kwa hiyo tunasema wazi: ukimkuta njiwa mmoja au shomoro wawili wamekufa uani, soma ushauri ulio hapa chini na uutende. Ukikuta ndege wa majini wengi wamekufa pamoja, au bata wanakufa ghafla, usiguse, usichukue hata mmoja kwa mboga, waite watoto warudi nyumbani, na mpelekee habari shefu wa mtaa, veterineri na kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuna aina nyingine za mafua ya ndege ambazo zimewaua watu katika nchi nyingine, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa kuangalia.

Watoto, manati na ndege wa kuokota

Jambo hili liliwagusa wamama wengi kuliko yote. Watoto wetu wanawinda kwa manati, na ndege anayewindwa kwa urahisi kuliko wote ni yule asiyeweza kuruka vizuri. Maana yake wanaleta jikoni wagonjwa. Wanawanyonyoa kwa mikono, wanawachoma juu juu, wanakula, hawanawi.

Tuseme kweli bila kutia hofu. Kijidudu cha koo la njiwa hakiambukizi watu. Newcastle ikimwingia mtu humletea macho mekundu kwa siku chache, na inapona. Ndui ya ndege, ile inayowatoa vipele kama uyoga usoni na miguuni, ambayo hupelekwa na mbu, si ndui ya watu. Ndege wana hata malaria yao, ambayo hatuipati. Nayo imetusaidia, kwa maana mwaka 1898 huko Calcutta, India, daktari Ronald Ross alitumia ndege wadogo kuonyesha kwamba malaria inapitia kwa mbu. Ila kuna bakteria ya salmonela, ambayo shomoro na njiwa hubeba katika kinyesi, na hiyo humpa mtoto kuhara kukali. Na kinyesi kikavu cha njiwa kikifagiliwa kikiwa vumbi kinaweza kubeba kijidudu kingine kinachoingia katika mapafu. Ndiyo sababu veterineri alimwambia Kambo amwage maji kwanza juu ya jiwe, ndipo afagie.

Ndege aliyeokotwa amekufa haliwi. Hashikwi kwa mkono mtupu. Mtu anavaa mfuko wa plastiki kama soksi ya mkono, anamchukua, anaugeuza mfuko, anamzika shimo la kufika gotini pamoja na majivu, mbwa wasimfukue. Kisha sabuni. Waliosoma Walawi sura ya 11 wanakumbuka kwamba aliyebeba mzoga aliagizwa kufua nguo zake. Tulikuwa tunaifundisha sura ile kama mambo ya zamani tu. Sasa tunaisoma pole pole zaidi.

Tulivyofanya, na mnachoweza kufanya

Watu wengine walitaka mwembe wa Kambo ukatwe na njiwa wafukuzwe kwa mawe. Haisaidii. Njiwa waliofukuzwa hapa wanakula parseli ya pili, wakiwa na ugonjwa uleule. Ukiona ndege amevimba manyoya, hakimbii mtu, ameshindwa kumeza, acha kutupa chakula na ondoa maji kwa wiki mbili hivi, ili ndege watawanyike wenyewe na kutafuta porini. Wakati huo osha jiwe au sahani kwa sabuni, halafu kwa maji yenye javeli, suuza, na uache jua lifanye kazi yake. Ukianza tena, weka kidogo kinachoisha asubuhi ileile, mahali zaidi ya pamoja, na usirudie pale pale kila siku. Beseni linamwagwa na kusuguliwa kila siku, hata kama kisima kiko mbali. Ni afadhali maji nusu kikombe masafi kuliko beseni zima.

Kuku wapewe chakula chao ndani ya ua wao au ndani ya kibanda, si katikati ya parseli. Mabaki yafagiliwe. Kibanda chenyewe kiangaliwe usiku kwa taa: utitiri hujificha mchana katika nyufa za miti na hutoka gizani kunyonya damu, na shomoro wanaojenga viota juu ya paa la kibanda wanaweza kuwaleta na viota vyao. Tembe anayeacha mayai bila sababu mara nyingi anakimbia utitiri. Maji ya moto katika nyufa, chokaa, na mahali pa majivu makavu ambapo kuku wajigaragaze vinapunguza sana. Viroboto wanaong'ang'ania upanga wa jogoo na kando ya macho wanapakwa mafuta kidogo, wanakosa hewa na kuachia.

Kuku mgeni, hata akitoka kwa mkwe wako, akae peke yake siku 14. Na ukiona kuku mmoja anasinzia, usiwakimbize wengine sokoni. Tunajua wanaofanya hivyo wanaokoa kidogo kilichobaki. Sisi wenyewe tulifanya hivyo na jogoo wa matoleo. Lakini kuku yule ananunuliwa na mama mwingine mwenye mtoto anayesubiri minervali.

Kinga ya kweli dhidi ya Newcastle ni chanjo. Kwa vijiji iko chanjo ya matone iitwayo I-2, iliyotengenezwa na wataalamu wa Australia ili ivumilie joto kuliko chanjo nyingine, na Tanzania wanaizalisha wenyewe. Ni tone moja katika jicho moja la kila kuku, vifaranga pia, na kurudia kila miezi 3 au 4. Haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, wala haizuii magonjwa mengine ya kuku. Watu waambiwe hivyo mapema, wasije wakasema chanjo imewaua kuku wao. Chupa moja inatosha kuku wengi na ikifunguliwa haiwekwi muda mrefu, ndiyo maana mtu mmoja peke yake anaona ni ghali. Avenyu nzima ikichangia, bei inakuwa kidogo. Katika parokia yetu wamama wa Jumatano ndio waliochukua kazi hiyo: wanahesabu kuku, wanakusanya faranga, wanamwita veterineri asubuhi na mapema kabla kuku hawajatoka bandani.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka huu tulibadilisha utaratibu. Kuku hawaletwi tena kanisani. Anayemtoa Bwana kuku anamtangaza, mnada unafanyika kwa jina la kuku, na mnunuzi anamfuata nyumbani kwa aliyemtoa, akamwangalie anakula. Wazee wengine waliona ibada imepungua utamu bila kelele za majogoo. Kweli imepungua.

Bwana Yesu, alipotaka kuwaondolea wanafunzi hofu, alichagua ndege wa bei ya chini kabisa sokoni na kusema kwamba hata mmoja wao haanguki bila Baba (Mathayo 10). Tulihubiri juu ya maneno hayo nyumbani kwa Kambo, chini ya mwembe, majirani wakiwapo. Yule kijana aliyemshika njiwa usiku ule sasa ndiye anayemsaidia kuchota maji ya beseni. Baba mwenye mfuko wa kuku wanne bado anapitia njia nyingine ili asimsalimie. Tumemtembelea mara mbili, na wiki hii tutarudi.